Kukaa Mji Mkongwe, Kuizunguka Unguja

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka Nungwi hadi Makunduchi, na upana wake haufiki kilomita 40. Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi, karibu na katikati ya urefu huo, kwenye rasi ndogo inayotazama bara. Mtu anayelala Shangani, Malindi au Mkunazini anaweza kutoka baada ya chai ya asubuhi, akashinda Chwaka, Kizimkazi au Nungwi, na akarudi kwa sala ya magharibi. Wageni wengi wa siku hizi hufanya kinyume. Hutoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi hoteli ya ufukweni, kisha hutengewa mchana mmoja wa kuuona mji, na huondoka na picha za milango.

Faida ya kuufanya mji kuwa kituo si wepesi wa safari peke yake. Mji huu umejengwa kwa vitu vya shamba. Kuta za nyumba zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kwa kuni. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Fedha zilizolipia milango ya kuchongwa zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Anayekwenda shamba na kurudi kila jioni hufika mahali akaanza kuyaona hayo bila kuelezwa: hupita tanuri la chokaa kijijini mchana, na usiku hulala ndani ya ukuta uliotoka kwenye tanuri kama hilo.

Siku za mwanzo ziwe za mji wenyewe, na ziende polepole. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Jengo hilo linastahili kutazamwa kwa makini hata katika hali hiyo, kwa sababu linaeleza ugonjwa wa mji mzima: chokaa hunywa maji ya mvua, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na nyumba isiyopakwa chokaa upya na kuzibwa mapaa huanza kufa kutoka juu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Orodha haizuii mvua, na mwenye nyumba asiye na uwezo hubaki na mzigo wake.

Mkunazini kunataka utulivu zaidi. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, baada ya Barghash kutia saini mkataba uliolazimishwa na Uingereza, na kabla ya mwaka huo kwisha jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa pale pale. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi na kukusanya hadithi za Kiswahili cha Unguja. Amezikwa ndani ya kanisa hilo. Hapa pafaa kufikiwa mapema, kabla ya kwenda mashamba ya viungo, ili mtembezi akisimama chini ya mikarafuu ajue ilipandwa na kuchumwa na nani. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe haikuja hadi mwaka 1897, miaka zaidi ya ishirini baada ya soko kufungwa, na kwa muda wote huo mashamba yaliendelea kulimwa kwa jasho la watumwa.

Baada ya hapo ni vichochoro, baraza na kahawa chungu. Malindi, karibu na bandari, ndiko alikokulia Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Majahazi ya msimu, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na watu waliokuja na upepo wakabaki, hayo yote yanayojaa katika riwaya zake, ni mambo ya mitaa hiyo. Kukaa barazani jioni moja Malindi kunasaidia kumsoma.

Kutoka mjini kwenda shamba kulianzia Darajani kwa miaka mingi, na sasa magari mengi hupakia Kijangwani. Namba za daladala zina mpango: zinazoanza na mia moja huelekea kaskazini, mia mbili hukata kisiwa kwenda mashariki, mia tatu kusini, na mia tano hubaki mjini na kandokando yake. 116 ni Nungwi, 206 ni Chwaka, 310 ni Makunduchi, 502 ni Bububu. Gari halina saa ya kuondoka ila kujaa. Hupakiwa magunia ya unga na mchele, mitungi ya gesi, godoro lililokunjwa, wakati mwingine baiskeli juu ya paa, na abiria husogea bila kuambiwa mara mbili. Anayeingia husalimia gari zima, na asiyejua pa kushuka husaidiwa na watu watatu kwa pamoja.

Jambo moja ambalo ramani haionyeshi ni mwendo wa magari haya. Mengi ni ya vijijini na hulala vijijini. Alfajiri huja mjini na watu wanaokwenda sokoni, kazini na hospitali, na alasiri huwarudisha makwao. Mtembezi anayekaa mjini anakwenda kinyume na mkondo huo, kwa hiyo kwenda ni rahisi na kurudi ni kazi. Gari la mwisho la kutoka pwani ya mashariki huweza kuondoka mapema zaidi kuliko mgeni anavyodhani. Swali la kumuuliza utingo kabla ya kushuka ni moja: gari la mwisho la kurudi mjini linapita hapa saa ngapi? Na akishajibu, pafaa kumwuliza pia mwenye duka la karibu.

Safari ya kwanza inayofaa ni fupi, kuelekea kaskazini kwa njia ya Bububu. Mabaki ya Maruhubi yako karibu sana na mji: nguzo za kasri alilolijenga Barghash katika miaka ya 1880 na lililoungua mwaka 1899. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said, kongwe kuliko makasri yote ya kifalme kisiwani. Hapo alizaliwa Sayyida Salme mwezi Agosti 1844, na hakuna kumbukumbu inayomfaa mtembezi wa Unguja kuliko zake. Maisha yake yote ya Unguja yalikwenda na kurudi baina ya mji na shamba. Baba yake alikaa Mtoni sehemu ya wiki na mjini sehemu nyingine. Salme alipokuwa bado mtoto alihamia mjini na mama yake, nyumbani kwa kaka yake Majid. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu alijua kuandika, alitumika kama katibu wa kaka yake mwingine, Barghash, katika uasi wa mwaka 1859 dhidi ya Majid, aliyekuwa sultani wakati huo. Uasi uliposhindwa alijitenga na mji, akakaa shambani kwake Kizimbani, kisha Bububu ufukweni. Aliporudi mjini ndipo alipojuana na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake, na mwaka 1866 akaondoka kwa meli ya Kiingereza kwenda Aden na baadaye Hamburg. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Kumbukumbu hizo ziliandikwa na mtu aliyekuwa mbali, katika nchi ya baridi, na kila ukurasa unaonyesha hivyo: ua wa Mtoni wenye tausi na swala, mabafu yaliyokuwa na watu mchana kutwa, farasi na punda wa safari za shamba. Msomaji lazima ajue pia kwamba Salme aliutetea utumwa. Aliyaona mashamba kutoka varandani, na wale walioyalima hawakuacha kitabu. Kuisoma Mtoni vizuri ni kushika mambo hayo mawili kwa pamoja, uzuri wa kumbukumbu yake na kimya cha waliomtumikia, na kuta zilizobaki za mabafu zinatosha kumpa mtu saa nzima ya kufikiri.

Kutoka Bububu barabara hupanda kuingia bara hadi Kidichi na Kizimbani. Kidichi kuna mabafu yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mke Mwajemi wa Seyyid Said, na ndani yake plasta imechongwa ndege, maua na mitende kwa mtindo wa Uajemi. Mapambo ya ndege hayakuwa desturi ya Waibadhi wa Oman, na ukiyatazama kwa karibu unaona mkono wa fundi aliyetoka kwingine. Kizimbani ni miongoni mwa mahali pa kwanza karafuu kupandwa Unguja, mapema katika karne ya 19. Siku hizi wageni hutembezwa huko, wakanusishwa mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga na mlangilangi. Wengi hudhani wanaona moyo wa karafuu ya Zanzibar, kumbe dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi hutoka Pemba. Mjini, magunia yanayonukia bandarini kwa kawaida yamevuka mkondo.

Kwenda mashariki ni kuvuka mpaka usio na bango. Magharibi ya kisiwa udongo ni mzito na mwekundu, kuna vilima, mito midogo, minazi, mikarafuu, mifenesi na mishelisheli. Baada ya Dunga udongo huanza kuisha. Kinachofuata ni uwanda wa mawe, matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, yenye vichaka na mifuko midogo ya udongo ambamo wanakijiji hupanda muhogo, mtama na kunde. Mpaka huu wa ardhi umeandika historia. Mashamba makubwa ya karafuu yalienea pale udongo ulipo, na wenyeji wa asili wakabaki zaidi na uwanda na bahari. Dunga yenyewe ndiko alikojenga kasri Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, katikati ya karne ya 19, wakati mamlaka yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa sultani mjini. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873. Basi la Chwaka hupita hapo haraka, na wengi hawashuki, nao hukosa.

Njia nyingine ya mashariki hupita msitu wa Jozani, kilomita 35 hivi kutoka mjini, uliounganishwa na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Hapa kuna kima punju, ambaye hapatikani kiasili popote duniani nje ya Zanzibar. Hesabu ya karibuni ilionyesha wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wanaoishi pembezoni mwa mashamba hula mkaa kwenye matanuri ya watu, kwa kuwa mkaa huzuia sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda. Matuta ya barabarani karibu na msitu yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua. Dereva anayeyaruka kwa hasira anafaa kukumbushwa.

Pwani ya mashariki, kuanzia Michamvi na Bwejuu hadi Paje na Jambiani, haipangwi kwa kilomita wala kwa saa ya mkononi. Hupangwa kwa maji. Mwamba umesimama mbali na ufukwe, na kati yake kuna wangwa wa mchanga ambao maji yakipwa hubaki mkavu karibu wote. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na kupwa huangukia kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Anayejua kanuni hiyo moja, na anayeutazama mwezi usiku akiwa juu ya paa mjini, anaweza kupanga safari ya kesho bila kuuliza mtu. Akitaka kuogelea, aende siku maji yatakayojaa mchana. Akitaka kuona watu wa pwani wakifanya kazi, aende asubuhi ya bamvua.

Asubuhi hiyo wanawake wa Jambiani na Paje huwa wameshafika mbali baharini, maji yakiwa magotini. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii mwaka 1989. Vijiti hupigwa mchangani kwa mistari, kamba ikavutwa baina ya kijiti na kijiti, na vipande vya mwani vikafungwa kwa vikamba vyembamba, kimoja baada ya kingine, kwa vidole vilivyolainika kwa chumvi. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, hupakiwa kwenye magunia yaliyojaa maji, hubebwa hadi ufukweni na kuanikwa. Wanawake walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha hiyo. Siku hizi maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno, na aina ya mwani yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, hufa kabla ya kukomaa. Iliyobaki, spinosamu, bei yake ni ndogo. Mgeni anayetaka kupiga picha aombe kwanza, kwa salamu kamili: shikamoo kwa bibi, hujambo kwa rika lake, na asubiri jibu. Mara nyingi atapewa ruhusa, na mara nyingi zaidi ataonyeshwa namna ya kufunga fundo. Hatua zake ziwe nje ya mistari, maana kijiti kilichokanyagwa ni mazao ya mtu.

Kusini kuna Kizimkazi, na sababu nzuri ya kwenda ni msikiti wa Dimbani. Kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani nzima ya Waswahili. Jengo la juu ni la baadaye, paa ni la bati, na watu bado wanasali humo, kwa hiyo mtu huingia kwa ruhusa, viatu nje, akiwa amejisitiri. Wengi lakini huja Kizimkazi kwa pomboo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wavuvi waliwawinda wapate chambo cha papa, na utalii ukaufanya mnyama hai kuwa na thamani kuliko aliyekufa. Hilo lilikuwa jambo jema. Kinachoendelea sasa asubuhi nyingi, boti nyingi kulizunguka kundi moja na watu kurushwa majini juu yake, si jema, na mtembezi anaweza kumwambia nahodha wake asimamishe mashine mbali.

Fumba, kusini-magharibi, ilimtoa Siti binti Saad, aliyezaliwa huko mnamo mwaka 1880 na kuzoea kuleta vyungu mjini kuviuza kabla ya kuhamia na kuwa mwimbaji wa taarabu. Alirekodi Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Njia yake ndiyo njia ya Wazanzibari wengi, na wanaoifuata kinyumenyume leo watakuta Fumba inajengwa mji mpya wa maghorofa.

Kaskazini, Nungwi ina faida kwamba maji hayakimbii mbali, kwa hiyo kuogelea kunawezekana karibu saa zote, na hoteli zimejaa kwa sababu hiyo. Pamoja na hoteli hizo bado kuna ufukwe wa mafundi wa majahazi. Wanachonga kwa tezo, wanatoboa kwa keekee, wanaziba viungo kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na mbavu za chombo huchaguliwa kutoka kwenye tawi lililokwisha kupinda lenyewe. Fundi mzee hupima kwa jicho, na kijana anayemsaidia hujifunza kwa kushika upande wa pili wa ubao. Pafaa kukaa hapo muda mrefu kuliko ufukweni.

Visiwa vidogo mbele ya mji ni vya nusu siku: Changuu yenye jela ya mwaka 1893 iliyoishia kuwa karantini, na makobe waliotoka Shelisheli, na Chumbe yenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe yaliyohifadhiwa, ambayo hufikiwa kwa mpango wa kabla. Safari hizo hutegemea upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto na bahari tulivu upande wa magharibi. Kusi, kuanzia Aprili, huleta baridi kidogo na mawimbi upande wa mashariki. Masika, baina ya Machi na Mei, njia za udongo mwekundu wa Kizimbani na Bumbwini hugeuka tope, wakati uwanda wa mashariki hunywa maji yake mara moja. Kwa hiyo mwezi wa Aprili anayekaa mjini aende mashariki, na mashamba ya viungo ayaache hadi Juni.

Yapo pia mambo yasiyopatikana kwa kulala mjini. Mnada wa samaki wa alfajiri Nungwi unamtaka mtu aliyelala huko. Tumbatu inataka mashua ya kutoka Mkokotoni, ruhusa ya sheha na siku isiyo na haraka. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwezi wa Julai, huanza kwa mapigano ya mabua ya migomba na kuchomwa kwa kibanda cha makuti, lakini ngoma na karamu huendelea usiku, baada ya gari la mwisho kuondoka. Wenyeji wa Makunduchi huona ni jambo la heri kila nyumba ipate mgeni siku hiyo, na anayekaribishwa alale asikatae.